Uadui Uliosifiwa na Mkaguzi

Kwa miaka minane Mama Akosua Birago, mtunza fedha wa mahakama ya wilaya ya Nsubenkum, hakumsemesha Bwana Osei Tweneboa, karani mkuu, ingawa meza zao zilitazamana kwa karibu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake anajifuta uso.

Chanzo kilikuwa msiba. Mama yake Tweneboa alipozikwa, Birago alitoa rambirambi ya sedi mia mbili mbele ya watu, na Tweneboa, aliyekuwa kashika kipaza sauti, akamtangaza kwa sedi ishirini. Mji mzima ukasikia. Hata kijiji cha pili walisikia, maana spika zilikuwa za kukodi na mwenye spika alitaka kazi yake ionekane. Mwanamke aliyeaminiwa na serikali kuhesabu faini za wezi wa kuku, kutangazwa ishirini! Akadai itangazwe upya. Tweneboa akasema kipaza sauti kimeshachukuliwa na waimbaji. Basi, yakaishia hapo, na maneno nayo yakaishia hapo.

Lakini kazi haina habari na kununa kwa watu. Sefu ya mahakama ina matundu mawili ya funguo, na kanuni inataka washika funguo wawe wawili, ili asitokee mmoja akaazima dhamana za watu akaezekea nyumba. Ufunguo wa kwanza alikuwa nao Tweneboa, kwenye mfuko wa koti. Wa pili Birago aliufunga kwenye shanga za kiunoni, mahali ambapo hata serikali ingeomba ruhusa. Kila asubuhi alizama nyuma ya kabati la majalada, akapapasa chini ya kitenge, akaibuka na ufunguo wenye joto. Tweneboa wakati huo alitazama ukuta. Kisha wakahesabu. Birago alihesabu, Tweneboa akarudia kwa sababu hakumwamini, Birago akarudia tena kwa sababu hakumwamini mtu asiyemwamini. Haikupotea hata sarafu.

Maneno yalipitia kwa Mzee Ntow, mkalimani wa mahakama, ambaye kwa haki ya mshahara wake alitakiwa kuwatafsiria washtakiwa Kiingereza cha hakimu. Wale wawili lugha yao ilikuwa moja, kijiji cha mama zao karibu kimoja, lakini walimhitaji kuliko mshtakiwa yeyote.

"Mzee Ntow," Birago angesema, "mwambie huyo bwana atie sahihi."

Mzee Ntow angeinuka, akasafisha koo, akatembea hatua zake mbili. "Bwana Tweneboa, Mama anakusalimu, anauliza kama umeamka salama, na anaomba kwa hisani yako utie sahihi."

"Mwambie nimeona."

"Mama, bwana anashukuru kwa salamu. Anasema kuona sahihi yako kila siku ni faraja."

Birago alijua kabisa hakuna faraja iliyosemwa, lakini alimlipa mzee kenke, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga kila mchana, na Tweneboa alimlipa mvinyo wa mnazi kila Ijumaa. Kwa hiyo Mzee Ntow alinenepa kwa ugomvi ule, na akauombea maisha marefu.

Mkaguzi, Bwana Dotse Kpodo, kijana mwembamba aliyetembea na stepla yake mwenyewe kwa kutoamini za watu, alipofika mwaka uliopita alitafuta upungufu mpaka akakata tamaa. Ndipo akawaona wanavyofungua sefu huku wamegeuziana migongo. Akapata nuru. Akaandika kwamba Nsubenkum ina udhibiti wa mfano: washika funguo hawasemezani, kwa hiyo hatari ya kula njama haipo. Wakubwa wake waliipenda taarifa ile. Akaitwa semina mji mkuu, akatoa mada, akala kuku. Mahakama nyingine zikahimizwa kujifunza. Inasemekana karani mmoja huko pwani alimzaba kofi mwenzake bila sababu, kwa uzalendo tu.

Halafu ikaja Januari na upepo wake wa vumbi, na mlango wa sefu ukagoma. Mzee Ntow alikuwa msibani kwa shemeji yake. Birago na Tweneboa wakabaki wawili, funguo zote zimezungushwa, mlango umeng'ang'ania. Walivuta kimya kimya, kila mmoja kwa wakati wake, na mlango ukawacheka. Mwisho Birago akasema, akiielekea sefu:

"Vuta sasa."

Tweneboa akavuta. Mlango ukafunguka na kumbana kidole.

"Kimeumia?" akauliza Birago, safari hii si kwa sefu.

"Kidogo."

"Lete nikione."

Nani angeamini kwamba miaka minane ingebomolewa na kidole. Alikipuliza. Tweneboa, mjane wa miaka mingi, alikuwa hajapulizwa mahali popote kwa muda mrefu sana. Akasema, "Akosua, ile ilikuwa mia mbili. Sikuwa na miwani." Birago, naye mjane, akajibu kwamba alijua, ila alitaka kuisikia. Kufikia Pasaka alikuwa anampigia pasi makoti. Mzee Ntow yeye, aliporudi kutoka msibani Januari ile ile, aliwakuta wanaongea uso kwa uso, tena wanacheka, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuta nyumba yake imeuzwa.

"Miaka minane nimewabebea maneno," alisema. "Mnaanza kuongea bila hata kuniaga."

Kenke ikakoma. Ijumaa zikawa kavu.

Yote hayo yangekuwa heri tupu kama si barua ya kuwaarifu kwamba mkaguzi anakuja. Kanuni iko wazi: mume na mke, au wanaoelekea huko, hawashiki funguo za sefu moja, mmoja huhamishwa. Na kuhamishwa maana yake ni kaskazini kabisa mpakani, safari ya kutwa nzima na usiku wake. Birago alijua atakayepelekwa ni yeye. Amempata mwanaume uzeeni, hata posa haijafika, halafu ampoteze kwa sababu ya tundu la ufunguo?

"Tugombane," alimwambia Tweneboa. "Siku mbili tu. Mkaguzi akiondoka tunapatana."

"Nitagombana na wewe kwa lipi? Mchicha wa jana ulikuwa mtamu."

"Usinianze, Osei. Fikiria baya langu lolote."

Tweneboa alifikiri mpaka jioni, akaja na moja tu: kwamba anakoroma. Na hilo hangeweza kulisema mbele ya mkaguzi bila kuulizwa kalijuaje.

Ikabidi wamrudie Mzee Ntow. Mzee alijifanya kiziwi mpaka Birago alipopika fufu kwa supu ya ndezi. Alikula, akajilamba vidole, akasema, "Ninyi leteni matusi. Kuyafikisha ni kazi yangu."

Siku ya siku, Bwana Kpodo alikaa katikati ya meza mbili, kalamu mkononi, anang'aa kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Endeleeni na kazi zenu," alisema. "Mimi sipo."

Birago akakunja uso. "Mzee Ntow, mwambie huyo bwana... mwambie kwamba koti lake limekunjamana."

Koti lilikuwa limenyooka kama karatasi. Alilipiga pasi mwenyewe asubuhi ile.

"Mwambie," Tweneboa akajibu, akitazama chini, "kalamu yake inavuja."

Mkaguzi akainua macho. Matusi makubwa zaidi alishayasikia kwa watoto wa shule. Mzee Ntow akamwinamia Birago, akanong'ona, "Haya ndiyo matusi, Mama? Mnaniaibisha." Kisha akajinyoosha, akalishika joho lake la ukalimani, na sauti ikamtoka ya kuitikisa dari.

"Bwana Tweneboa! Mama anasema koti lako ni la mtu aliyelala nalo kaburini akafukuzwa na wenye kaburi. Anasema kichwa chako ni kiazi kikuu kilichomenywa na mwenye haraka."

Bwana Kpodo akaandika, anatabasamu. Mzee Ntow akaona tabasamu, na kwa bahati mbaya lilimnogea.

"Anasema hata marehemu mkeo hakufa kwa ugonjwa. Alichoka kukutazama."

Tweneboa alivua miwani akaanza kuifuta, na miwani haikuwa na vumbi. Alijua ni mchezo. Mikono haikujua.

Birago aliiona mikono ile. Akaikumbuka kaskazini, akaiona safari ndefu, akaona na siku zake zilizobaki bila koti la mtu la kupiga pasi. Na bado akainuka.

"Osei, sikusema hivyo. Mungu ananiona, sikusema."

"Najua, Akosua," alisema Tweneboa polepole. "Wewe ungelisema kwa upole."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama hewani. "Mmesemezana."

"Tumeteleza," alisema Birago.

"Mmeitana majina ya nyumbani. Mama, kuna nini hapa?"

Hakukuwa na pa kuchepukia. "Jumamosi wajomba zake wanakuja kwetu kubisha hodi ya posa," alisema. "Na vinywaji vyao. Nimeshawaambia ndugu zangu wavipokee."

Bwana Kpodo alijishika kichwa. Alizungumza kama mfiwa. "Mama Birago, nimewataja semina. Nimewachora kwenye mchoro. Mna mishale."

"Tusamehe, mwanangu."

"Mmoja lazima ahamishwe."

"Niandike mimi," alisema Tweneboa.

"Nani kakutuma?" Birago akamgeukia. "Na kifua hicho, ukavute vumbi la kule? Nakwenda mimi."

"Huendi popote. Kaa chini, Akosua."

"Usiniambie kaa chini mbele ya wageni."

Mkaguzi akainua uso, matumaini yamemrudia. "Samahani, mnagombana kweli?"

"Hatugombani," wakamjibu kwa pamoja, kwa hasira.

Ni hapo Birago alipomkumbuka aliyeyaleta yote. "Na wewe Mzee Ntow, umeniongezea maneno. Mtu mzima, unaongeza maneno ya watu!"

Mwambie mkalimani kwamba analewa, atacheka. Mwambie anachelewa kazini, atakuuliza saa yako inatoka wapi. Lakini kumwambia kwamba anaongeza maneno, tena mbele ya mkaguzi wa serikali, ni kumvua nguo sokoni. Mzee Ntow alilivua joho, akalikunja vizuri, akalishika kwapani.

"Miaka minane nimewapamba," alisema. "Mngekuwa mmeshauana. Leo mimi ndiye mwongo. Sawa. Kuanzia sasa mimi na ninyi basi. Wewe sikusemeshi, na huyo kiazi wako simsemeshi."

Bwana Kpodo aligeuka taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Humsemeshi hata mmoja, mzee?"

"Hata mmoja."

"Ni hasira ya leo tu, au ni ya kudumu?"

"Kijana, mimi ni Mwashanti, na kwetu hasira haipoi," alisema Mzee Ntow. "Nitazikwa nayo."

"Umewahi kushika ufunguo wa ofisi?"

Birago alielewa kabla ya wengine. Ufunguo ule ulikuwa cheo chake, na ulikuwa umekaa kiunoni mwake muda mrefu kuliko mume yeyote aliyepata kuwa naye. Mtu hapewi mara mbili kitu cha namna hiyo. Alimtazama Tweneboa, ambaye miwani alikuwa ameivaa kinyume, na hakuona haja ya kufikiri zaidi. Akaenda nyuma ya kabati. Aliporudi aliuweka mbele ya mkaguzi, kwa sababu Mzee Ntow hakukubali kuupokea mkononi mwake.

"Mimi nibaki na kuandika risiti," alisema. "Hiyo si dhambi?"

"Si dhambi hata kidogo," alisema Bwana Kpodo, na tayari alikuwa anachora mshale.

Jioni hiyo sefu ilifungwa kwa utaratibu mpya. Mzee Ntow alihesabu fedha za siku mara tatu, akaanza ya nne, mgongo kawapa wote wawili. Birago na Tweneboa walikaa kwenye benchi la washtakiwa wakimsubiri, bega kwa bega, na mkaguzi amesimama katikati ya chumba, maana palihitajika mtu wa kupeleka maneno.

"Mzee," alisema Bwana Kpodo, "Mama anauliza utamaliza lini."

Mzee Ntow hakugeuka. "Mwambie nimepoteza hesabu kwa kelele zake. Naanza upya."

Mkaguzi akasafisha koo, akawageukia wale wawili. "Anasema bado kidogo," alitafsiri, "na anawatakia heri Jumamosi."