Kufuli na Ufunguo Ndani ya Barua Moja

Barua ile ilikuwa na adabu kuliko watu wote waliopata kuniandikia. Ilinisalimu, ikanipongeza, ikanishukuru kwa uaminifu ambao sikuwa nimemwahidi mtu yeyote, kisha ikanitaka nifungue kiambatisho kabla ya Jumamosi. Nilikataa. Nusu ya Musonoi, mtaa wetu hapa Kolwezi, ilininunia kwa ajili hiyo, na barua ileile ikija leo nitakataa tena.

Wakati huo nilikuwa karani wa ushirika wa wachimbaji. Mchana niliandika barua za ushirika kwa Kifaransa. Jioni, wenzangu wakishaondoka, niliandika riwaya yangu kwa Kiswahili kwenye kompyuta ileile, huku vumbi jekundu likipita chini ya mlango na kukaa juu ya herufi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha bati, kando ya barabara ambako pikipiki hubeba dereva, mchimbaji na gunia, na gunia ndilo hukaa vizuri kuliko wote. Ndani ya kabati la chuma tulitunza kitu kimoja cha thamani: mashine ya kupimia mawe.

Inafanana na kikausha nywele cha saluni. Unagusisha pua yake kwenye jiwe, unabonyeza, inanyamaza kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, kisha inakuambia shaba ni kiasi gani na kobalti ni kiasi gani. Zamani mashine kama hizo zilikuwa za wanunuzi peke yao. Mchimbaji alitoka shimoni na gunia lake, akafika depo, kwa wanunuzi, akaambiwa namba, akarudi nayo nyumbani. Angebisha kwa kutumia nini? Kwa macho? Ushirika ulipopata mashine yake, kwa michango iliyokusanywa kwa ugomvi mwingi, watu walianza kufika depo wakiwa na namba yao tayari mdomoni. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini: haki ya mtu kujua jiwe lake ni nini kabla mwingine hajamwambia.

Na barua ilipiga hapo hapo. Ilidai inatoka kwa watengenezaji wa mashine. Programu mpya iko kwenye kiambatisho, ilisema. Bila programu hiyo vipimo vyenu tayari ni vya uongo, na ikifika Jumamosi mashine itajifunga yenyewe.

Mkono ulikuwa tayari juu ya kipanya. Sitajidai kwamba nilikuwa na utulivu. Niliuona mlango wa kabati, nikaiona mashine ndani yake imekufa, nikaona wanaume wakirudi depo na mikono mitupu. Lakini nina tabia moja niliyoipata kwa wenzangu. Sisi vijana tunaoandika hukutana Jumapili baada ya misa, katika chumba cha parokia, tukasomeana kurasa zetu. Ukurasa ukiwa na maneno mazuri yasiyo na uhai, tunamwambia mwandishi bila huruma: humu hakuna mtu. Basi nikaisoma barua kwa sauti, peke yangu, kama ninavyosoma kurasa za wenzangu.

Humo hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mkono tu. Ulinipapasa bega, ukanisukuma, ukanikaba. Mtengenezaji anayetujua angetaja namba iliyochongwa tumboni mwa mashine yetu, barua haikuitaja. Haikujua jina la ushirika. Nikabonyeza jina la mtumaji, lile jina kubwa linaloheshimika, na nyuma yake ikatokea anwani ya mahali pengine kabisa, msururu wa herufi usiofanana na kampuni yoyote. Nikasikia aibu kama ninapomfumania mgeni akijaribu vitasa vya milango.

Lakini kilichonifanya niondoe mkono kwenye kipanya ni kufuli. Faili lilikuwa limefungwa kwa nywila, na nywila yenyewe ilikuwa imeandikwa mstari wa chini, ndani ya barua ileile. Nilikaa nikaitazama. Mtu anakuletea sanduku lenye kufuli, kisha anakupa ufunguo wake papo hapo. Kufuli hilo linamzuia nani? Si wewe. Si mwizi aliyeiba barua, maana naye amepata ufunguo. Linamzuia askari wa mlangoni: ile programu ndani ya kompyuta inayopekua kila kinachoingia. Askari hajui kusoma barua. Anaona sanduku limefungwa, analipitisha. Nilichomoa waya wa kuunganishia kompyuta na mashine, nikauviringa, nikautia mfukoni.

Mwenyekiti wetu, ambaye wote tulimwita Tata Prezida, alikuwa karani wa reli huko Tenke ujanani mwake. Nilimwonyesha barua. Alivaa miwani, akashuka nayo taratibu hadi chini kabisa, kisha akanitazama kama mtoto aliyekataa kula.

"Fungula, mwana. Iko na kashe."

Ilikuwa nayo kweli. Muhuri wa duara, wa bluu, na sahihi iliyoukata katikati.

"Tata, ile kashe ni picha tu. Hata mimi naweza kuitengeneza sasa hivi, hapa mbele yako."

"Usiitengeneze!" Alitazama mlango, kana kwamba polisi wamesikia. "Mi nimesafiri mpaka Lubumbashi kwa kashe moja. Nimelala kwa benchi ya ofisi. Na weye unaniambia ni picha?"

Hapo nilielewa kwamba sikuwa nikibishana na barua tena. Nilikuwa nikibishana na maisha yake yote. Kwetu karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga, na yenye muhuri hupokelewa kwa mikono miwili. Yeyote aliyeandika barua ile alilijua hilo, au alibahatisha vizuri. Hilo lilinikasirisha kuliko wizi wenyewe: kwamba mtu alichukua subira ya wazee wetu, miaka yao yote kwenye mabenchi ya maofisi, akaifanya chambo.

"Tata," nikasema, "ile ya Lubumbashi uliiona inapigwa. Hii uliona nani akiipiga?"

Alivua miwani, akaisafisha kwa ncha ya shati, akanisogezea simu. Tukampigia fundi aliyetuuzia mashine, kwa namba iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la mashine siku tulipoinunua, si kwa namba iliyokuwa ndani ya barua. Simu iliita, ikakatika. Tukapiga tena. Fundi huyo alinipigia wiki iliyofuata, akaniambia hawatumi chochote kwa barua pepe, programu mpya huileta yeye kwa mkono wake. Lakini wiki ile tuliyomhitaji hatukuwa na sauti yake. Tulikuwa na barua, na sisi wenyewe.

Musonoi haina siri. Kesho yake asubuhi wachimbaji walijaa mlangoni, na mbele yao alisimama kijana mmoja mrefu kutoka Manono, ambaye sauti yake hufika kabla yake.

"Yaya wa roman!" aliniita. Yaya kwetu ni mkubwa wako, na wote walijua kwamba naandika riwaya, na hawakuacha kunitania. "Basema unaogopa barua. Mu kitabu yako batu banakufa kila ukurasa, na weye unaogopa barua?"

"Mu kitabu yangu banakufa bale benye kufungula kila kitu."

Walicheka, lakini kicheko hakikuwa upande wangu. Kijana aliinua mkono, wakanyamaza.

"Sikiliza, yaya. Batu ba depo banatucheka. Banasema mashini yetu itakufa siku ya posho." Hivyo ndivyo tunavyoiita Jumamosi. "Mi nikona magunia kwa nyumba. Nitaenda nayo depo na nini? Na kitabu yako?"

"Na mashine. Haitakufa."

"Unajua namna gani?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Niliweza kujua kwamba barua ilidanganya kuhusu jina lake. Sikuweza kuapa kuhusu Jumamosi. Kabla sijasema neno, mtu mmoja nyuma alitoa wazo lililowafurahisha wote: tupeleke faili kwa mama wa fotokopi, nyumba ya tatu, tulifungue kwenye kompyuta yake. Kama ni baya, litafia huko.

"Njo akili hiyo!" wakasema, yaani ndiyo hasa.

Nilisimama. Sijawahi kuwa mtu wa kupiga kelele, lakini siku ile nilipiga. Niliwauliza vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao viliandikwa kwenye kompyuta gani. Niliwauliza wadogo zao wanaosoma wameacha wapi kazi zao za mwisho, kama si kwenye kompyuta hiyohiyo ya mama wa fotokopi. Nikamgeukia yule wa Manono.

"Weye ukiokota uyoga porini na hauujui, unampikia jirani kwanza?"

Alifikiri. "Inategemea jirani."

Sasa kicheko kilikuwa cha kila mtu, hata changu. Na ndani ya kicheko hicho nilipata nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa nahangaika na faili, na faili nisingeweza kulijua bila kulifungua. Lakini dai la barua ningeweza kulipima bila kuligusa faili. Barua ilisema vipimo vyetu ni vya uongo sasa hivi. Haya.

Katika sanduku la mashine mna kipande cha mviringo, kidogo kama kifuniko cha chupa, kilichokuja nayo kutoka kiwandani pamoja na karatasi inayosema kina shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Kazi yake ni kukaa tu bila kubadilika, ili mashine ikishukiwa ipimwe kwacho. Nilikiweka mezani. Nikamkabidhi kijana wa Manono mashine, nikampa Tata Prezida karatasi.

"Mimi sigusi kitu," nikasema. "Pimeni wenyewe."

Kijana alifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, mara ya kwanza namwona ana woga wa kitu. Aligusisha pua ya mashine, akabonyeza. Mlangoni watu walipanda juu ya viatu vya wenzao. Alisoma namba kwa sauti. Tata Prezida aliinamia karatasi, kidole kikitembea, kikasimama.

"Njo ile," alisema. Kisha, polepole zaidi, "Njo ile ile."

"Rudia," mtu akasema. Akarudia. Namba ilikaa palepale, kwa tofauti ndogo isiyostahili ugomvi.

"Barua inasema mashine hii inadanganya," nikasema. "Inadanganya wapi? Nionyesheni. Mtu akikudanganya kuhusu kitu kilicho mkononi mwako, kwa nini umwamini kuhusu kilicho ndani ya sanduku lake?"

"Na siku ya posho?" kijana akauliza. Hakuwa amemaliza nami.

"Ikijifunga, mutanifukuza kazi, na mutanifukuza mbele ya watu wote. Nitasimama hapa mlangoni."

Niliahidi hivyo na nilimaanisha. Jioni ile sikuandika hata mstari. Niliweka barua kwenye pipa la kompyuta, kisha nikalimwaga pipa, na kila nilipofumba macho niliona Jumamosi ikija kwa pikipiki, imekaa juu ya gunia, inanicheka. Laiti ningesema nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na sababu zake, na sababu zake nilikuwa nimezipima. Kuna watu wanaodhani sisi wa Kolwezi ni mikono tu, ya kuchimba na ya kubonyeza. Wakituma kitu chenye maneno makubwa tutakifungua kwa pupa. Nilikuwa radhi kupoteza kazi, lakini si kuwathibitishia watu hao.

Jumamosi walifika mapema, wengi kuliko siku ya malipo, na mama wa fotokopi naye alikuja, kwa kuwa alikuwa amesikia walichotaka kumfanyia. "Nani alisema kwangu ni jalala?" aliuliza, na wanaume wazima wakatazama miguu yao. Tata Prezida alifungua kabati mwenyewe. Aliitoa mashine kwa mikono miwili, akabonyeza kitufe.

Kioo kilikaa cheusi. Kilikaa cheusi kwa muda uleule kinaokaa kila asubuhi, lakini asubuhi nyingine hakuna anayesali. Kisha taa ikawaka, mashine ikaguna, na namba zikasimama kwenye mstari wao kama kawaida.

Hakuna aliyeniomba radhi, wala sikutarajia. Kijana wa Manono alipita katikati ya watu na jiwe jeusi alilolitoa katika gunia lake, zito, la kupendeza, akaliweka mezani kama mtu anayeweka turufu. Alipima. Akaangalia namba. Akapima upande wa pili.

"Hapana," alisema. "Hii mashini iko na shida."

Kobalti ilikuwa chini, chini sana kuliko alivyokuwa akijisifu tangu Jumatatu.

"Pengine ningefungua ile barua," nikasema.

Kicheko kilitoka hadi barabarani. Alinitolea macho, kisha naye akashindwa, akacheka na kulitukana jiwe, akamtukana na aliyelizaa. Akaniomba kalamu. Aliandika namba yake kwenye kiganja cha mkono, kwa tarakimu kubwa, akaikaza kwa wino mara mbili ili jasho lisiifute.

"Iko kiloko, kidogo kabisa," alisema, akitupa gunia begani. "Lakini najua ni ngapi. Bakinipa chini ya hii, nitabishana nabo, leo depo haitafunga mulango."

Akatoka. Wengine walikuwa wameshapanga mstari.