Friji Lisilofika Asubuhi

Lyle Pascoe alifungua friji la trela, akapokewa na harufu ya soseji zilizoharibika, akalifunga kwa goti. Maziwa yalikuwa yamekatika, bia zilikuwa vuguvugu, na taa ndogo ya kijani ya betri ilikuwa imezimika, kama jana yake na juzi yake. Alisimama pale na soksi zake, akaitukana betri, akamtukana aliyemuuzia, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kutukanwa, akamgeukia kasuku aliyekuwa akipiga kelele juu ya mkaratusi.

"Limezima tena?" mkewe Glenys aliuliza kutoka kitandani.

"Limezima."

"Pole, baba."

Aliisema pole hiyo kwa upole mno, lakini Lyle hakuwa mtu wa kupima sauti za watu. Alikuwa dereva wa greda. Tangu ujana mpaka alipostaafu mwaka jana alichonga barabara za vumbi za magharibi ya New South Wales, huko Australia, na mkewe alimfuata nyuma kwenye karavani ya halmashauri, nyumba ya kukokotwa na gari, kambi baada ya kambi, popote kazi ilipofika. Binti yao Rosalie alijifunza kutembea juu ya changarawe. Nyumba yenye msingi waliipata ukubwani, mjini Cobar, na Glenys alipanda mawaridi kabla hajafungua hata sanduku moja. Kisha Lyle akastaafu, na zawadi aliyomletea mkewe siku hiyo ilikuwa trela la kulala kambini, limefungwa utepe mwekundu.

Msimcheke. Nia yake ilikuwa safi kabisa. Alidhani kilichokuwa kinamchosha Glenys miaka ile yote ni kazi, na kwamba barabara bila kazi itakuwa raha.

Sasa walikuwa wamepiga kambi kando ya mto Darling, mahali pasipo na umeme wala mlinzi, na mpango ulikuwa kwenda jangwani mpaka Cameron Corner, kona yanapokutana majimbo matatu. Lyle alikuwa amewasawazishia wengine njia za kuelekea huko maisha yake yote, wala hakuwahi kufika mwenyewe. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho. Lakini walikuwa na makubaliano: huko mbele maduka ni ya kubahatisha, kwa hiyo friji lisipoweza kufanya kazi siku mbili mfululizo kwa sola, wanageuza kurudi nyumbani. Glenys ndiye aliyeweka sharti hilo, na Lyle aliona mke wake ana akili.

Basi akahangaika. Paneli yake ilikuwa ya kukunjwa, yenye miguu na mpini, na aliisimamisha mbali juani, kwa sababu trela lenyewe alikuwa amelitafutia kivuli kwanza, kama wanavyofanya wote kule. Akaielekeza kaskazini, liliko jua. Akaifuta vumbi mpaka akajiona uso. Akabadilisha waya, akaweka mnene zaidi. Akafungua kontrola ya chaji, akaifunga, akatambaa chini ya trela kukaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Kilichomtia wazimu ni kwamba kila aliposimama hapo na mita ya kupimia umeme mkononi, sola ilichaji vizuri, ikatulia kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Akienda mtoni kuvua, anarudi betri haina kitu.

Halafu kulikuwa na Des Halloran. Jioni, wanakambi wote hukusanyika, kila mtu na kiti chake na kinywaji chake, na ushauri hutolewa bure. Des, meneja wa benki mstaafu mwenye karavani kubwa kuliko zote, alianza kutoa wake jioni ile ile ya kwanza, wakati friji la Lyle lilikuwa bado linanguruma bila shida yoyote.

"Angalia kivuli, bwana Lyle. Watu hawajui. Paneli kama hii yako, ukiifunika kona tu, umeme karibu wote unakwenda."

"Kona tu, Des?" Glenys aliuliza, akimpitishia biskuti na jibini.

"Kona tu, shemeji."

"Makubwa," alisema Glenys, akaketi.

Friji lilipoanza kuzima, Des alisema ni waya. Waya ulipobadilishwa, alisema ni betri.

"Jana si ulisema ni waya?" Lyle aliuliza, meno yamebana.

"Jana ilikuwa waya. Leo ni betri."

Lyle alitamani kumvisha ile paneli kichwani.

Baada ya soseji kutupwa, Glenys alimimina chai nyeusi na kusema taratibu, "Leo ndiyo ya mwisho, ee? Likizima tena, tunageuza."

"Halizimi," alisema Lyle. Alikaa na paneli saa nzima, akaona betri inapanda, akachukua ndoano zake akaenda mtoni. Nzi walikuwa wengi. Walimwingia masikioni, wakamwingia puani, na hapo ndipo alipogundua kwamba kofia ameiacha. Akarudi akinung'unika.

Glenys alikuwa ameketi kando ya paneli, chemshabongo magotini, na juu ya kona ya paneli palitandikwa taulo la kufutia vyombo, lile lenye ramani ya Tasmania, limewekewa jiwe lisipeperuke.

Hakushtuka. "Umesahau kofia," alisema. "Ipo nyuma ya mlango."

"Mama, hiyo ni nini?"

"Taulo."

"Mimi natambaa chini ya trela kama punguani, wewe unanitazama? Halafu unanipa pole?"

"Pole nilikupa ya kweli. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Si ungesema hutaki kwenda!"

Glenys aliweka kalamu chini. "Nilisema tukiwa bado Cobar, ukaniambia nitazoea. Nikasema tena tulipopita Bourke, ukaniuliza kama nimeiona mita yako. Nimesema tangu Rosalie yuko tumboni, kwamba nataka kukaa mahali nikipanda kitu nikione kinachanua. Wewe husikii mpaka kitu kiharibike, baba. Basi nikaharibu kitu."

Hasira ilikuwa imemjaa Lyle tele, ila kila alipotafuta pa kuielekeza aliiona karavani ya halmashauri, na mwanamke mlangoni anafagia vumbi lililotimuliwa na greda lake. Aliitazama njia ya magharibi, nyekundu, imenyooka. Iliuma. Kisha akaondoa jiwe, akalikung'uta taulo, akampa mkewe, akaanza kuikunja paneli.

Jioni Des alifika na kiti chake, akakuta vitu vyote vimefungwa. "Mmelipata tatizo?"

"Tumelipata," alisema Lyle.

"Ulikuwa umeunga vibaya, sivyo? Nilijua."

"Vibaya sana, Des. Tangu mwanzo."

Des alifurahi, akaondoka kwenda kuwatangazia wengine. Lyle alifunga kamba ya mwisho, akabaki ameishika.

"Yale mawaridi," alimuuliza mkewe, "nani anayamwagilia?"

"Hakuna," alisema Glenys.