Mwenye Kusema Ndiye Aliyelipa

Miaka ile ya hamsini, nikiwa karani kijana katika bohari la reli pale Élisabethville, mji wa migodi ya shaba chini ya Wabelgiji, niliomba kuzungumza kwenye serkle yetu. Serkle ilikuwa chama cha makarani, walimu na wauguzi Weusi. Kila Jumapili mchana, mmoja wetu alitoa konferensi, hotuba ya saa nzima, nasi wengine tukasikiliza na kuuliza maswali.

Katibu, mwalimu mpole mwenye miwani, aliniandika daftarini, kisha akasema, "Bon. Utaleta faranga makumi tano."

"Za nini, Mwalimu?"

"Za konferensi."

"Na bantu benye kuja kusikiliza, nabo banalipa?"

"Hapana. Bo banaingia bure."

"Sasa ni mwenye kusema analipa?"

Hakukasirika. Alinieleza kwamba ukumbi unakodiwa, na kwamba jina la msemaji hupigwa chapa kwenye karatasi inayosomwa na wakubwa wa kazi. "Faida iko yako," akasema.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza tulikuwa tunalipia ukumbi au tunanunua jina. Nikawakumbuka wasemaji wa mwaka ule. Wote walikuwa makarani wa mishahara minono, na mmoja alikuwa ametusimulia safari yake ya Ubelgiji mara tatu.

Jirani yangu alikuwa mwashi wa kutengeneza matanuri ya shaba. Ukoo wake ulikuwa pale kabla ya reli kufika. Utotoni alivuta mivukuto wakati baba yake akiyeyusha shaba kwa makaa, katika tanuri la udongo wa kichuguu. Mimi nilikuwa nimeyasikia hayo vipande vipande, tukiongea kila mmoja upande wake wa ua. Serkle haikuwa imeyasikia kabisa.

Nikalipa. Jumapili ilipofika nikaenda naye, nikawaambia watu kwamba saa yangu ya kusema nampa yeye.

Katibu alisimama. "Huyu baba hakulipa."

"Mimi nililipa."

"Ulilipia jina lako."

"Basi jina libaki karatasini. Saa ndiyo nampa."

Watu walicheka, na katibu akaketi. Jirani yangu alianza kwa sauti ndogo, macho chini. Alipofika kwenye mivukuto alisahau aibu, akapiga magoti sakafuni na kutuonyesha kwa mikono jinsi upepo unavyosukumwa. Makarani waliokuwa wakiandika tani za shaba kila siku walimuuliza maswali kama watoto: mlijuaje kwamba imeiva? Akajibu kwamba walitazama rangi ya moto. Muda ulikwisha bila mtu kuinuka.

Njiani aliniuliza, "Bale bakubwa balikulipa ngapi?"

"Hakuna, Baba. Ni mimi nililipa."

Akasimama. "Ulilipa juu ya mi niseme?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka machozi. Hakudhani nilidhulumiwa, alidhani nilikuwa mjinga.

Wiki iliyofuata kamati ya serkle ilimwalika azungumze tena, ikamtajia ada. Alikataa, ila akaanza kuzungumza uani kwake, na baadhi ya makarani wakawa wanakuja kuketi juu ya matofali. Katibu naye alikuja mara moja, akauliza maswali mengi kuliko wote.

Ada haikufutwa, na mwenye ukumbi alidai kodi yake kila mwezi. Katibu hakusema uongo juu ya hilo. Bado najiuliza ilifaa nani ailipe kodi ile.