Ruhusa ya Kumpanda Punda

Harufu ya jasho la punda lililochanganyika na vumbi la jasi la machimboni ndiyo inayonirudisha Makanya, kijijini kwetu. Punda wetu tulimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu hakuharakishwa na mtu. Jioni nilimfuata kisimani, na tukirudi nimempanda mbele ya madumu nilikuwa nalowa maji mgongoni kwa kila hatua yake ya kiburi. Mwaka ule nilipokuwa darasa la sita, walitangaza mbio za punda siku ya mnada, Ijumaa, saa nne asubuhi. Niliitaka siku hiyo kuliko sikukuu yoyote.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha maneno. Aliniandikia barua ya kuniombea ruhusa shuleni: binti yangu atashindana mbio za punda. Nilimwamkia mwalimu mkuu, akaitikia, akaisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mpira ni michezo. Punda ni usafiri," alisema. "Baba yako angeandika unaumwa, ningekuruhusu."

Nikakimbia nyumbani kumsihi baba aandike homa, homa ndogo tu. Akanitazama kwa huruma, lakini kalamu hakuishika.

"Nikupe homa kwa karatasi, mwanangu? Hapana. Kesho nenda shule."

Nililia nikalala na kwikwi. Nilimchukia baba usiku mzima, nakiri.

Ijumaa saa nne tulikuwa kwenye hesabu za sehemu. Kelele za mnadani zikatufikia dirishani, vigelegele kwanza, kisha kicheko kirefu cha watu wengi. Mchana nikaambiwa sababu. Jina la Bwana Mkubwa lilikuwa limeshaandikwa, na baba hakutaka lifutwe. Akampanda mwenyewe, na koti lake la Jumapili, miguu ikiburuza chini. Walifika wa mwisho, Bwana Mkubwa akisimama njiani kula maganda ya ndizi. Nyumbani baba alisema tu, "Tumefika."

Sasa mimi ni mwalimu hapa Same, na daftari la mahudhurio ninalishika mimi. Juzi msichana mmoja wa vijiji vya tambarare aliniletea barua ya mbio za punda, akiinamisha kichwa kama anayesubiri kuchekwa. Nikamwandikia ruhusa, nikamwambia ni michezo.

Baba amekwisha kufariki. Mwaka ule sikukosa shule hata siku moja, nikasifiwa mbele ya wazazi. Ningeyatoa mahudhurio yale yote nimwone mara moja tu, amevaa lile koti, akipita mgongoni mwa punda.