Tupa na Visu Vilivyotupwa

Mtaani walimwita Tupa, na jina lilimkaa kwa maana zake zote mbili. Kisu kikitoka motoni na kuzamishwa kwenye oili, alikipitishia tupa, ile ya kunolea, ukingoni. Tupa ikiteleza, chuma kimekaza. Ikiuma, chuma ni laini, na hapo hapakuwa na mjadala: kisu kilirushwa kwenye pipa la vyuma chakavu nyuma ya karakana, hata kama alikuwa amekifua tangu asubuhi. Watu walisikitika wakimwona. Yeye aliwasonya. Anayesikitikia kazi mbovu, alisema, huyo hata kiatu kikimbana atashukuru.

Alifua visu vya porini: vya warina asali, wachungaji, askari wa misitu, na wale wanaotangulia mbele ya wapima ardhi kufyeka njia. Chuma chake kilikuwa springi za malori. Kila kisu alikipiga chapa ya nukta tatu karibu na mpini, na nukta hizo zilijulikana mbali kuliko sura yake.

Mwenzake katika kazi alikuwa mume wa mdogo wake wa kike. Huyu walimwita Msasa, kwa kuwa moto hakuujua. Kazi yake ilikuwa kusugua visu mpaka ving'ae, kuvitia mipini na ala za ngozi, na kuviuza kwenye kiduka cha mbele. Alikuwa na ulimi laini, shati la pasi, na kucha safi kuliko za bibi harusi. Tupa alimdharau kwa yote hayo, lakini zile kucha ndizo zilizomkera zaidi. Walikaa pamoja miaka tisa. Chema chajiuza, alisema Tupa, na Msasa yupo tu kufungua mlango.

"Shemeji, visu vyako vitatuua njaa," Msasa alimwambia siku moja. "Mtu ananunua kimoja, anapotea miaka saba. Akifa anamrithisha mwanawe. Sisi tutamuuzia nani?"

"Kwa hiyo unataka vivunjike?"

"Sijasema vivunjike. Nasema vichoke kidogo, kama watu wanavyochoka."

Tupa alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu vyake vilivyopakwa rangi. "Shemeji, wewe ungekuwa kisu ningeshakutupa zamani."

Msasa alicheka, maana hata tusi alilipokea kama mteja. Tupa akadhani yameishia hapo.

Hayakuishia. Baada ya miezi michache akaja mrina asali mmoja, mtu wa maneno machache, akaweka kisu mezani. Kilikuwa kimepinda katikati. Alikuwa juu ya mti akibandua kifuniko cha mzinga, kisu kikalala na yeye akaponea kwenye tawi la chini. Ala yake ilikuwa nzuri, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Nukta tatu zilikuwepo mahali pake. Tupa alichukua tupa yake akaipitisha ukingoni, na tupa ikauma kama inaingia kwenye mti mbichi.

Alikwenda nyuma ya karakana akalimwaga pipa lote chini. Misumari, bawaba, vipande vya bati, mnyororo wa baiskeli. Kisu hata kimoja hakikuwemo. Chapa hupigwa kabla chuma hakijakazwa, kwa hiyo hata vilivyotupwa vilikuwa na nukta zake tatu. Kilichobaki kilikuwa kuvisugua tu na kuvitia mpini, na kwa hilo Msasa alikuwa bingwa.

"Ulivitoa pipani," alimwambia Msasa.

"Shemeji, si ulivitupa? Kilichotupwa hakina mwenyewe."

"Vina chapa yangu!"

"Chapa yetu," Msasa alisema, akikung'uta vumbi kwenye mkono wa shati.

Tupa hakumpiga. Alijisifia jambo hilo kwa muda mrefu baadaye. Alisema angempiga angechafua mikono, na mikono yake ilikuwa na masizi tayari.

Waligawana vitu sebuleni kwa mdogo wake, naye akiwa amekaa kati yao, uso umemvimba kwa kulia. Msasa alichukua kiduka, mashine ya kusugulia na ngozi zote. Tupa alichukua fuawe, mivukuto na nyundo. Ikabaki ile chapa yenyewe, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Wote wawili waliinyooshea mkono, kwani bila chapa ile kila mmoja alikuwa anaanza upya, hajulikani na mtu.

"Subirini," alisema mdogo wake. "Huko nje kuna visu vibovu na vina hiyo chapa. Anayeichukua avipokee vyote vikirudi, na atoe vingine. Haya, chukueni."

Msasa alirudisha mkono wake mfukoni.

"Umemwona mumeo?" Tupa alimwambia mdogo wake, akitia chapa kwenye mfuko wa kifuani. "Umemwona?"

"Nimewaona wote, kaka. Nendeni."

Alifungua kibanda kipya kando ya barabara, akaandika kwenye ubao: KISU CHENYE NUKTA TATU KIKIHARIBIKA, KILETE, UTAPEWA KINGINE. Vikaja. Mwezi wa pili ulipokwisha alikuwa amepokea kumi na tisa, vyote vimepinda, vyote vina ala za kupendeza. Kila kimoja kilimgharimu siku nzima ya kazi, na kwa kila kimoja alitoa hotuba. Alikiinua mbele ya waliokuwa wanasubiri, akaeleza habari za mtu mmoja mwenye kucha safi anayekula jasho la wenzake na kuokota majalalani. Watu walicheka. Tusidanganyane, alifurahi. Jina lake lilikuwa linarudi, na la mwenzake linaoza.

Halafu akaja mama mmoja, askari wa misitu, buti zake zimejaa matope makavu. Alifungua kitambaa juu ya fuawe. Ndani mlikuwa na kisu cha nukta tatu, vipande viwili.

"Jamani njooni muone," Tupa alianza, na wanaume wanne waliokuwa kwenye benchi wakasogea wakitabasamu. "Huyu shemeji yangu..."

Akaviokota vile vipande. Kisu hiki hakikupinda. Kilikuwa kimevunjika kama sahani. Alipitisha tupa ikateleza, akarudia, ikateleza tena. Kisu kikishakazwa hurudishwa kwenye moto mdogo ili kipungue ukali wa ugumu wake. Kisiporudishwa huwa kigumu bure, nacho huvunjika. Moto ule wa pili ulikuwa kazi yake mwenyewe. Msasa hakuwahi kuusogelea. Labda siku hiyo Tupa aliondoka fuaweni kwenda kumtukana mtu, akarudi akasahau.

Waliokuwepo wasingejua. Kingehesabiwa cha ishirini cha Msasa, basi.

"Hiki ni changu," alisema. "Sikukirudisha motoni."

"Si cha yule shemeji yako?" aliuliza mmoja.

"Yule hata jiko hajui kuliwasha. Nimesema ni changu."

"Gogo lilimwangukia mwenzangu mguuni," alisema yule mama. "Nilikuwa nakata matawi nimtoe. Kilipovunjika sikuwa na kingine. Alikaa chini ya lile gogo mpaka jua likazama, na huo mguu hautakuwa mguu tena." Akageuka kwa wale wanaume. "Na huyu nimemkuta hapa anawachekesha. Kumbe nyani haoni kundule."

Hakuna aliyecheka. Tupa alitoa kisu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa ukutani, akakifuta kwa aproni, akampa kwa mikono miwili.

Mama alikigeuza huku na huku, akazitazama nukta tatu.

"Na hiki," aliuliza, "nitajuaje kama kilirudi motoni?"