Ratiba Niliyoiandika kwa Wino

Iko asubuhi moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Nilifika chuoni nimevaa shati lililopigwa pasi, tayari kwa kozi yangu ya kwanza ya takwimu. Nikakuta ukumbi mtupu na mama mmoja anapiga deki.

"Unatafuta nani?"

"Profesa wa takwimu, mama."

"Yule mugeni? Alishaenda. Alimaliza kozi juzi, akapanda ndege."

Nikuambie nilivyofika hapo. Wiki ya kwanza nilinakili ratiba ya muhula mzima kutoka kwenye ubao wa matangazo, kwa wino wa rangi nne, mistari imenyooka kwa rula. Bibi yako aliibandika sebuleni kwetu Cibitoke, na kila mgeni alionyeshwa kabla ya kupewa chai. Hata fundi aliyekuja kupima dirisha alielezwa kwamba Jumanne nina hesabu. Takwimu ilikuwa wiki ya sita. Wiki mbili kabla yake zilikuwa tupu, nikazilala, nikasema najisomea.

Sikutaka kuelewa kwamba maprofesa wetu wengi walitoka nje ya nchi. Profesa alikuja alipopata nafasi, akafundisha kozi nzima kwa siku kumi, asubuhi na mchana, akaondoka. Asipokuja huyu, nafasi yake ilichukuliwa na yule. Ratiba ilibadilika kila wiki, nasi hatukuwa na simu za kuambizana; takwimu ilifundishwa wiki zile nilizolala.

Na nilikuwa nimeonywa. Mzee Saidi, aliyekuwa akibandika matangazo, alinisimamisha kwenye korido wiki ya tatu.

"We mutoto, kila siku unapita hapa, hauangalie ubao."

"Mi niko na ratiba yangu, mzee. Nilinakili yote."

"Ile ni ya wiki ya kwanza. Mi nabandika, nabandua, we umeandika na wino kama mukataba wa ndoa. Tumia kreyo, penseli inafutika."

Nilicheka. Nilijiona msomi, na yeye nilimwona mtu wa gundi na pini. Ilinichukua mwaka kujua kwamba pale chuoni yeye ndiye aliyejua nani anafundisha nini na lini.

Ni mwaka ule ule nilioupoteza. Takwimu niliisoma peke yangu kwenye daftari la kuazima, nikaanguka mtihani, nikaanguka na wa marudio, nikarudia mwaka wa kwanza. Bibi yako hakunigombeza. Aliiacha tu ile karatasi ukutani, na kila asubuhi aliuliza, "Leo uko na nini?"

Niliporudi kuanza upya, Mzee Saidi alikuwa pale pale ubaoni. Alichomoa kreyo nyuma ya sikio, akanipa, akaendelea kubandika.

Sasa nimeiona ratiba yako juu ya meza, na rangi zake tano. Umenizidi kwa moja. Nimechoka kuitazama tu, kabla muhula wako haujaanza, lakini sikuombi uichane. Kupanga ni vizuri. Ila acha saa kadhaa tupu, kwa sababu kuna kozi itakayohamia humo. Kila asubuhi soma matangazo kabla ya kupanda ngazi, hata kama jana uliyasoma. Ujumbe wa mwakilishi wa darasa lenu usome mpaka mwisho. Kozi ikigongana na nyingine, nenda ukaulize siku hiyo hiyo. Na mtu anayebandika karatasi, msalimie kwa jina, umsikilize.

Kufuta si aibu. Mimi nilishindwa kufuta mstari mmoja, nikafuta mwaka.

Mungu akupe macho ya kuona kilichobadilika, na moyo mwepesi wa kubadilika nacho. Kreyo ya Mzee Saidi iko kwenye droo ya meza yangu. Imebaki fupi, lakini bado inaandika. Ichukue.