Siku Nahodha Alipopanda Ngazi za Mashabiki

"Baba mkubwa, siku ile ulimpigia nani ngoma?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa mdogo wake Dobi, binti wa shule ya msingi, amejipandisha juu ya fungu la mashuka na miguu inaning'inia. Alikuwa ameleta mashati ya baba yake. Dobi aliinua pasi, akaipulizia, akaangalia kola aliyokuwa akiinyoosha kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Shuka hapo, mama. Utanikunjia kazi ya watu."

Binti alishuka. Jibu lake lilikuwa hilo, akaenda nalo nyumbani.

Si kwamba Dobi alikuwa anamficha. Hata yeye hakujua.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, na ndani yake hapakuwa na nafasi ya kugeukia mara mbili. Meza ilitandikwa blanketi lililoungua pembeni. Kulikuwa na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, na waya uliopita toka ukuta mmoja hadi wa pili, umebeba suruali za maofisa na magauni ya walimu. Watu walipenda kumtania kwamba mle ndani kila kitu kimenyooka isipokuwa mwenyewe, na yeye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mgongo ulikuwa umepinda kufuata meza. Bega la kulia liliuma asubuhi, likazoea mchana, likakumbuka tena jioni. Akiulizwa hali alisema tunasukuma, na hapo alikuwa hasemi kwa mafumbo, maana pasi husukumwa.

Lakini Jumamosi bega lile lile halikuuma. Jumamosi alikuwa mpiga ngoma wa tawi la mashabiki, na mwenyekiti wa tawi hilo alikuwa mdogo wake, baba wa yule binti.

Pale jukwaani walikuwa na desturi yao. Hakuna wimbo kabla ya nahodha. Wachezaji wa akiba wangeweza kutoka kupasha misuli, makocha wakapita, mpinzani akaingia na kelele zake, wao kimya. Nahodha wao alikuwa na mwendo wa kutanguliza bega la kushoto, kama mtu anayepenya mlango mwembamba, kwa hiyo kwenye kivuli cha mlango wa wachezaji bega lilionekana kabla ya uso. Likitokea tu, Dobi alipiga mapigo matatu, jukwaa zima likasimama, wimbo ukapasuka. Waliita kumfungulia mlango. Dobi alifanya hivyo kwa miaka hata ikawa hatazami tena, macho yalikuwa yanaota na mkono unafanya.

Kisha winga wao, waliyemwita Kiberiti kwa udogo na wepesi wake, alivunjika mguu mazoezini. Kabla plasta haijakauka vizuri, viongozi wa klabu wakavunja na mkataba wake. Wachezaji wenzake walivua viatu, wakasema hawachezi mpaka Kiberiti arudishwe kazini na atibiwe. Klabu ikajibu kwamba Jumamosi timu itaingia uwanjani kama kawaida, kwa vijana wa mitaani na wa kukodi.

Wiki ile watu walileta nguo hata zisizo chafu, wapate pa kubishania. Fundi mwashi mmoja alisimama mlangoni akalalamika kwamba watu wanaocheza mpira nao eti wanajiita wafanyakazi, yeye anayebeba saruji aseme nini. Mwalimu aliyekuwa anasubiri sketi yake alimuuliza siku zege likimwangukia mguuni ni nani atakayemtibu.

"Hakuna," akasema fundi.

"Basi ndiyo maana umewakasirikia," akasema mwalimu, akachukua sketi yake.

Fundi aligeuka kwa Dobi kutafuta msaada. Dobi alinyunyiza maji, akasema pasi inapoa. Wengi walitaka kujua yuko upande gani. Yeye alikuwa upande wa Jumamosi. Alitaka ifike, apige, bega lipumzike, basi. Alimhurumia Kiberiti kweli kweli, lakini huruma nayo ni mzigo, na alikuwa na mizigo yake ya kutosha juu ya meza.

Ijumaa mdogo wake akaja, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Kaka, kesho ngoma ilie. Timu ni jezi, si mtu. Tukiwaacha hawa watoto peke yao tunashuka daraja."

"Na Kiberiti?"

"Kiberiti tutamchangia. Nikuambie ukweli, wajumbe wanataka ngoma apewe muuza nyama. Wanasema ana mikono. Nimewakatalia, nikawaambia kaka yangu hawezi kuniangusha. Nimejifunga kwa ajili yako."

Dobi alijua maana yake. Ngoma ilikuwa mali ya tawi. Akikosea kesho, hatapata nyingine, na Jumamosi itakuwa siku nyingine ya kusukuma pasi. Akasema, "Nitapiga." Alilisema kwa moyo mmoja. Mdogo wake akaondoka ametulia.

Siku yenyewe jukwaa lilikuwa limegawanyika kama nywele. Upande mmoja waliwaita wachezaji walafi wasiojua shukrani. Upande mwingine walikuja wamegeuza jezi nje ndani. Waliozoea kukaa pamoja na kumega karanga za mfuko mmoja, sasa kila mtu alikuwa na mfuko wake. Mtu mmoja alisema amekuja kuwatazama hao waliokodiwa kama wanajua hata goli liko wapi, jirani yake akamwambia si neno, hata waliogoma hawakuwa wanajua. Watu wakacheka bila raha. Dobi aliweka ngoma katikati ya magoti, akaukodolea macho mlango wa wachezaji. Mdogo wake alikuwa safu ya chini, akamwinulia kidole gumba.

Hakuna aliyetazama ngazi za mashabiki, zilizotokea chini ya jukwaa, kivulini, ubavuni kwa Dobi.

Waliogoma walikuwa wamekata tiketi kama watu wengine. Walipanda kimya, mbele nahodha, nyuma yao Kiberiti kwa magongo. Dobi hakugeuza kichwa. Kwa pembe ya jicho aliona kitu kimoja tu: bega la kushoto linatoka gizani.

Mkono ukaenda. Mapigo matatu.

Jukwaa likasimama kama linavyosimama siku zote. Walafi na wasio walafi, jezi nje ndani na jezi za kawaida, wote wakaimba mstari wa kwanza wakimtafuta nahodha kwa macho, wakamkuta yuko kati yao, amevaa shati la mistari, ameshika tiketi. Na papo hapo, upande wa pili, timu ya kukodi ikaingia uwanjani, ikakuta imepewa migongo.

Mbele ya timu hiyo alikuwa kijana mwembamba mwenye jezi iliyomzidi. Dobi alimwona alipoyarudisha macho uwanjani. Kijana alikuwa ameisikia ngoma, akadhani ni yake. Alikuwa ameinua mkono kupungia jukwaa, uso umemchanua. Kisha akaona migongo. Mkono ukashuka polepole, akajifanya anarekebisha soksi.

Wimbo ulikatika. Hapo ndipo vurugu zikaanza, huyu anamkumbatia nahodha, yule anarusha maganda ya machungwa. Nahodha aliketi kando ya Dobi na kumwambia, "Asante, mzee." Dobi alimsogezea nafasi.

Kabla ya mapumziko mdogo wake alipanda juu. Hakupaza sauti. Aliichukua ngoma kwenye magoti ya kaka yake, akasema, "Umenivua nguo mbele za watu," akateremka nayo. Kipindi cha pili alipiga muuza nyama. Mikono kweli alikuwa nayo.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na hadithi yake. Wengine walimfanya Dobi shujaa, wakawa wanampa mkono barabarani kama aliyefufua mtu. Wengine walinong'ona kwamba alipangwa na wachezaji, wakahamisha nguo zao kwa dobi mwingine. Mgomo wenyewe ulikwisha kiutu uzima, yaani hakuna aliyepata alichotaka: Kiberiti alitibiwa lakini hakurudishwa, nahodha akauzwa kwa timu ya mbali, waliobaki wakavaa viatu. Mashabiki wakaimba tena, wakamega karanga za mfuko mmoja. Ngoma haikurudi kwa Dobi.

Wala mdogo wake hakurudi. Wakikutana msibani walisalimiana kupitia wake zao. Lakini mashati yake aliendelea kuyaleta, kwa mkono wa binti, kwa sababu hakuna dobi mwingine aliyejua kola zake. Dobi aliyanyoosha kuliko ya mtu yeyote. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Binti akakua, akaingia sekondari. Jumamosi moja alikuja na mashati, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza toka siku ile, akaja baba yake, mvi zimemwingia, uenyekiti umemtoka. Hakueleza amefuata nini. Alikalia ndoo ile ile. Redio ndogo juu ya rafu ilikuwa inatangaza mechi, na wote watatu walisikiliza kama watu wanaosubiri daktari.

Binti ndiye aliyeanza, na kwa swali lile lile la utotoni. Baba yake aliinamisha kichwa, lakini hakumzuia.

Dobi aliweka pasi kando. Alilikanda bega lake kwa muda.

"Ningesema nimeupigia mguu wa Kiberiti ningekuwa nadanganya. Niliahidi kuwapigia wale watoto, na ningewapigia, baba yako hapa anajua sisemi uongo. Bega likatokea, mkono ukaenda. Mkono huu hufanya kazi wiki nzima bila kuniuliza, mwanangu, na siku ile pia haukuniuliza. Watu wanataka niwaambie nilimpigia nani. Mimi kila Jumamosi namkumbuka niliyeacha kumpigia, yule kijana aliyetupungia."